Kompyuta ya kuhariri video: anza na faili la kamera, prosesa itafuata

Januari, msimu ulipokwisha, kijana mmoja wa Ngarenaro alikuja kwangu Sakina, hapa Arusha, amepakata kompyuta yake kwenye boda. Desemba yote alikuwa Moshi, maana Wachagga wakirudi nyumbani kila wikiendi ina harusi au ubarikio, na alikuwa amerudi na kazi tano ambazo hazijakabidhiwa. Aliitua mezani taratibu kama anatua trei ya mayai.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ina shida gani?"

"Ina kori 14 na RAM GB 64. Niliambiwa hakuna kitakachoishinda. Sasa ona ndafu."

Akafungua kazi ya harusi moja ya Marangu, sehemu ambayo ndafu, yaani mbuzi mzima aliyechomwa, inaingizwa ukumbini. Muziki ulisikika vizuri kabisa. Lakini mpishi alionekana mlangoni, akaganda, kisha ghafla yuko mbele ya maharusi na kisu mkononi. Hatua zote za katikati zimemezwa. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinafanya kazi kiasi gani, tukarudia kipande kile kile. Prosesa ilikuwa asilimia 100, feni inavuma kama upepo wa Kisongo. Upande wa kadi ya grafiki, kwenye mchoro ulioandikwa "Video Decode", mstari ulikuwa umelala chini kwenye sifuri na hautikisiki.

Nikanakili faili lile kwenye mashine yangu yenye kori sita, ambayo iligharimu pungufu ya ile ya kwake. Mpishi akatembea kutoka mlangoni hadi meza kuu bila kuruka hatua. Prosesa ilikuwa inapumzika, na mstari wa "Video Decode" ndio uliopanda.

Yule kijana hakudanganywa kwenye idadi ya kori, yaani vitengo vya hesabu ndani ya prosesa. Alishauriwa kama mtu anayenunua kompyuta ya kazi yoyote ile, ilhali kuhariri video ni kazi yenye njia yake: faili linatoka kamera, linakaa kwenye diski, linafunguliwa, linapakwa rangi, linafungwa tena. Kila kituo kina kifaa chake. Kituo kimoja kikiwa chembamba, upana wa vingine hausaidii. Kwa hiyo kabla ya kuuliza i5 au i7, uliza faili lako likoje.

Mangi na daftari lake

Kamera haihifadhi picha 25 kamili kila sekunde. Video ya 4K isiyobanwa, ya pikseli 3840 kwa 2160, ingekula karibu MB 620 kwa sekunde, na kadi ya GB 128 ingejaa kwa dakika tatu na nusu, kabla bibi harusi hajamaliza kushuka kwenye gari. Inabidi ibanwe.

Mfikirie mangi mwenye duka anayehesabu mali yote Jumatatu, kisha siku zinazofuata anaandika mabadiliko tu: soda zimetoka kumi, unga umeingia mifuko mitatu. Daftari linabaki jembamba. Lakini ukimuuliza Alhamisi duka lina nini, lazima aanzie hesabu ya Jumatatu aje nayo siku kwa siku. H.264, kiwango cha mwaka 2003 ambacho pia huitwa AVC, na H.265 cha 2013, kinachoitwa pia HEVC, vinafanya hivyo hivyo. Kunakuwa na fremu moja kamili, kisha mlolongo wa fremu zinazoeleza kilichobadilika tu. Tena baadhi hutegemea hata fremu zinazokuja baada yao.

Kutazama filamu iliyobanwa hivyo ni rahisi, kwa sababu unakwenda mbele tu. Mhariri hafanyi hivyo. Anaruka katikati, anarudi nyuma fremu tatu, anaweka kamera ya pili na ya tatu sambamba ili achague. Kila ukigusa taimlaini, mangi anarudishwa Jumatatu. Ukiwa na kamera tatu, ni mamangi watatu wanaohesabu kwa wakati mmoja.

Juu ya hapo kuna namba mbili ambazo wauzaji wengi hawazitaji. Ya kwanza ni biti. Biti 8 zinampa kila rangi ya msingi ngazi 256, biti 10 zinampa ngazi 1,024, na tofauti utaiona kwenye anga la Ngorongoro wakati wa jioni, pale rangi zinapoanza kukatika mistari mistari ukizivuta. Ya pili ni jinsi rangi inavyohifadhiwa. 4:2:0 inahifadhi taarifa za rangi kwa robo ya pikseli, 4:2:2 inahifadhi kwa nusu. Kamera nyingi, hasa za zamani, bado zinatoa biti 8 na 4:2:0. Lakini kamera kama Sony a7 IV au Canon R6 zinaweza kutoa biti 10 na 4:2:2, na hapo ndipo kompyuta nyingi zinapopiga magoti.

Usibahatishe faili lako likoje. Pakua programu ya bure iitwayo MediaInfo, buruta humo klipu moja kutoka kila kamera unayotumia, pamoja na droni na simu. Itakuandikia kodeki (aina ya ubanaji, kama AVC au HEVC), idadi ya biti na aina ya 4:2:0 au 4:2:2. Mistari hiyo mitatu ina thamani kuliko ushauri wa duka zima.

Nani anafungua faili

Kuna njia mbili za kufungua video iliyobanwa. Moja ni prosesa kufanya hesabu yote kwa kori zake. Ya pili ni sehemu ndogo ndani ya chipu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja tu. Tofauti yake ni kama akina mama kumi wenye vinu na mashine moja ya kusaga. Wenye vinu wanaweza kutwanga chochote, mahindi, mtama au karanga, lakini kwa mahindi mashine itawaacha mbali, na haichoki. Ila inasaga kile tu ilichotengenezewa. Ukiipelekea aina isiyoijua, kazi inarudi kwenye vinu.

Hicho ndicho kilichompata kijana wa Ngarenaro. Prosesa yake ilikuwa Xeon ya seva za zamani, na Xeon za jamii ya E5 hazina grafiki ya ndani, ile inayokuja ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo hazina mashine ya kusaga. Kadi yake ya grafiki ilikuwa nayo, lakini haikuijua HEVC ya biti 10 na 4:2:2 iliyotoka kwenye kamera aliyoazima. Kori zote 14 zikawa zinatwanga.

Sasa linganisha matokeo ya MediaInfo na soko. Kama faili zako zote ni AVC ya biti 8 na 4:2:0, una bahati: karibu kila grafiki unayoweza kuikuta leo inalifungua, na kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye Intel ya kizazi cha 8 kuendelea itakufanyia harusi za HD bila kulalamika. Kama ni HEVC ya biti 10 na 4:2:0, ambayo ndiyo inayotoka kwenye droni na simu nyingi mpya, unahitaji grafiki ya Intel ya kizazi cha 7 kuendelea au kadi ya Nvidia ya jamii ya GTX 10 kuendelea.

Kama ni HEVC ya biti 10 na 4:2:2, chaguo linabana. Intel za mezani za kizazi cha 11 hadi cha 14 zenye grafiki ya ndani zinaifungua. Kadi za Intel Arc pia. Kwa upande wa Nvidia, ni jamii ya RTX 50 iliyotoka 2025 ndiyo iliyoanza. RTX 3060 na 4060, pamoja na sifa zake zote, zinakuachia kazi hiyo mikononi. Grafiki ndogo iliyomo ndani ya Ryzen za jamii ya 7000 nayo haimo.

Na kuna mtego ndani ya mtego: AVC ya biti 10 na 4:2:2. Hizo Intel za kizazi cha 11 hadi 14 hazifungui hiyo, ni HEVC tu. RTX 50 inaifungua. Mwenye Sony anaweza kujiokoa bila kununua kitu chochote, kwa kuingia kwenye menyu ya kamera na kubadilisha kutoka XAVC S kwenda XAVC HS, ambayo ni HEVC. Fanya hivyo kabla ya send-off. Ukishapiga, umechelewa.

Kwenye majina ya Intel angalia herufi F mwishoni. i5-12400F ni nafuu kuliko i5-12400 kwa sababu grafiki ya ndani imezimwa, na ukiinunua kwa kazi hii umeokoa kidogo ukatupa mashine ya kusaga. Tofauti nyingine ndogo yenye faida kubwa: i5-12400 ina injini moja ya video, yaani mashine moja ya kusaga, ndani yake, i5-12500 ina mbili. Kwa mtu wa kamera tatu, ningeongeza pesa hapo kabla ya kuiongeza popote pengine. Ndivyo ilivyo pia kwa i5-13400 na i5-13500.

Kama hauna pesa ya kubadilisha kitu sasa hivi, tumia proksi. DaVinci Resolve na Premiere Pro zote zinakutengenezea nakala nyepesi za klipu zako, kwa mfano za DNxHR LB, ambamo kila fremu inajitegemea. Yaani mangi anahesabu duka zima kila siku. Faili linakuwa rahisi kufungua. Unahariri kwa nakala hizo, na wakati wa kutoa kazi programu inarudi kwenye faili halisi. Usiku mmoja wa kuacha mashine itengeneze proksi uliokoa kazi tano za yule kijana. Aliondoka bila kununua chochote kwangu, na nilifurahi.

Kadi ya grafiki na programu unayotumia

Premiere Pro inategemea sana prosesa na ile injini ya video. DaVinci Resolve inaegemea kadi ya grafiki karibu kwa kila kitu kinachohusu rangi. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kadi ni muhimu kuliko prosesa na mwingine anasema kinyume chake, inawezekana wote wanasema kweli, kila mmoja kwa programu yake.

Resolve inachakata rangi kwa biti 32 kwa kila rangi ya msingi. Piga hesabu: pikseli milioni 8.3 mara baiti 12, unapata karibu MB 100 kwa fremu moja ya 4K. Sasa weka kuondoa chenga, zile nukta nukta za picha ya gizani, ambako programu inatazama fremu kadhaa za mbele na nyuma kwa pamoja, ongeza tabaka za rangi, na utaona kwa nini kadi ya GB 4 inakuletea ujumbe kwamba kumbukumbu imejaa. Kwa 4K mimi sishauri chini ya GB 8. RTX 3060 yenye GB 12, japo ni ya 2021, bado naipenda kwa kazi hii kwa sababu ya hizo GB 12, na ukiiunganisha na Intel yenye grafiki ya ndani kila mmoja anafanya anachokijua: Intel inafungua faili, Nvidia inapaka rangi. Grafiki ya ndani isipoonekana kwenye Task Manager baada ya kuweka kadi, ingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, uiwashe. Mara nyingi huzimwa yenyewe.

Kama unatumia Resolve ya bure, fahamu kwamba inatoa video hadi 3840 kwa 2160, na kuondoa chenga kumewekwa kwenye toleo la Studio la dola 295, linalolipiwa mara moja. Fungua pia klipu yako halisi ndani ya hilo toleo la bure kabla hujanunua chipu kwa ajili yake. Klipu isipofunguka, fedha yako ya kwanza inatakiwa iende kwenye programu.

RAM na mazabodi

RAM: GB 16 utaanza nazo, GB 32 utatulia, GB 64 kama unafungua After Effects pamoja na Premiere. Nunua vijiti viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, ili prosesa isome pande mbili kwa pamoja. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani kwa sababu viwanda vinakimbilia mahitaji ya vituo vya akili mnemba, kwa hiyo mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya DDR4, RAM ya kizazi kilichotangulia DDR5, imekuwa tena chaguo la busara kwa mwenye bajeti ndogo. DDR4 haiingii kwenye tundu la DDR5, na prosesa za kizazi cha 12 hadi 14 zinakubali zote mbili kutegemea mazabodi. Soma kasha lake kabla ya kulipa.

Mazabodi yenyewe haiongezi kasi ya kuhariri. Itazame kwa mambo matatu: inakubali prosesa yako, ina nafasi mbili za diski za NVMe (SSD za kasi zinazochomekwa kwenye bodi moja kwa moja), na ina vipande vya kupoza vilivyofunika sehemu ya umeme karibu na prosesa. Bodi za bei ya chini kabisa huiacha sehemu hiyo uchi, nazo huchemka ukirenda, yaani ukitoa video iliyokamilika, kwa saa mbili mfululizo.

Diski, na hesabu ya harusi moja

Chukua kamera tatu zinazorekodi megabiti 100 kwa sekunde. Gawanya kwa nane, ni MB 12.5 kwa sekunde, yaani GB 45 kwa saa. Kanisani, mapicha na ukumbini ni saa tano za kurekodi. Kamera tatu kwa saa tano ni GB 675. Harusi moja. Ukipiga kwa megabiti 200, zidisha mara mbili.

Hesabu hiyo inaonyesha mambo mawili. Kasi inayohitajika kusoma kamera tatu ni chini ya MB 40 kwa sekunde, wakati SSD ya kawaida ya SATA inafika 550 na NVMe ya Gen3 inafika kama 3,500. Basi usilipie NVMe ya kasi ya juu kabisa ukidhani itaondoa kukwama, kwa sababu kukwama kwa kawaida hakutoki huko. Unachohitaji ni nafasi, na uwezo wa kuandika muda mrefu bila kuchoka. SSD nyingi za bei rahisi zina eneo dogo la kuandika kwa haraka, na likijaa, kasi inaporomoka hadi chini ya HDD, diski ya zamani ya kuzunguka. Utaligundua siku unayomwaga kadi tatu usiku wa saa nane.

Mpangilio wangu ni NVMe ya GB 500 kwa Windows na programu, NVMe ya TB 1 au 2 kwa kazi zinazoendelea, na HDD mbili za nje kwa kazi zilizokwisha, zote zikiwa na nakala ile ile. HDD moja inakaa studio, ya pili inakaa nyumbani Njiro. Bibi wa bwana harusi aliyebariki ndoa ile hataibariki tena mbele ya kamera, na pengine mwakani hatakuwepo.

Umeme

Hapa ndipo nawasihi watu wasibane pesa, na ndipo wengi wanapobana. Mgao ule wa 2023 umepita, Bwawa la Nyerere limeanza kuzalisha tangu 2024, lakini kompyuta haihitaji mgao ili iharibike. Inatosha umeme kukatika kwa sekunde mbili na kurudi ukiwa umepanda. Mwaka fulani nilipoteza diski ya kazi kwa namna hiyo, mvua ya Aprili ikinyesha, nikiwa asilimia 90 ya kurenda. Mteja alikuwa wa safari, mgeni ameshapanda ndege. Picha za chui wa Serengeti hazikurudi.

Anza na pawa saplai. Jumlisha: i5-12400 inaweza kuvuta hadi wati 117 ikikaza, RTX 3060 wati 170, vingine vyote weka 80. Ni kama wati 370. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 au 650 inatosha na kubaki. Neno ni "ya kweli". Kwenye maduka kuna zilizoandikwa 600W kwa herufi kubwa ambazo ukizishika ni nyepesi kama kasha tupu la biskuti, na nyaya zake ni nyembamba kama za chaja. Niliwahi kufungua moja iliyokufa: upande wa kuingilia umeme, pale panapotakiwa kuwa na koili na kapasita za kuchuja, bodi ilikuwa na matundu matupu na vipande vya waya vimeunganisha njia moja kwa moja. Tafuta yenye alama ya 80 Plus kutoka kampuni inayojulikana, na ipime kwa mkono kabla ya macho.

Kisha UPS, betri inayoshika umeme unapokatika. Ile ya VA 650 inayouzwa kila kona kwa kawaida inabeba chini ya wati 400, na mashine yetu imefika 370 bila monita. Nenda VA 1000 kupanda juu, na usome wati, usisome VA peke yake. Kazi yake ni kukupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima vizuri. Chagua yenye kurekebisha volti ndani yake. Baadhi ya pawa saplai nzuri hazipatani na UPS za bei ya chini zenye wimbi la umeme la kukatakata, kompyuta inazimika pale pale UPS inaposhika. Ijaribu siku ya kwanza: chomoa UPS ukutani mashine ikiwa inarenda faili lisilo na maana, uone.

Jambo la mwisho hapa ni la fundi umeme. Ukigusa kasha la kompyuta likakuchoma vidole kidogo, nyumba yako haina ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, au imekatika. Soketi zetu zina matundu matatu, lakini tundu la juu katika nyumba nyingi halijaungwa na kitu. Hali hiyo inaua milango ya HDMI na USB, na ni hatari kwako mwenyewe. Mwite fundi apige ethi kabla hujaleta kompyuta.

Joto na vumbi

Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Julai mtu anaweza kuhariri amevaa koti. Moshi iko chini zaidi, na Februari studio yenye bati bila dari inakuwa tanuri. Prosesa za Intel zinaanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100, na utaona kurenda kulikochukua dakika 20 Julai kunachukua zaidi Februari. Nunua kasha lenye uso wa wavu, feni mbili mbele zinazoingiza hewa na moja nyuma inayotoa. Kasha la kioo mbele linapendeza kwenye picha, lakini linainyima mashine pumzi. Mbele weka vichujio vya vumbi na uvipulize kila mwezi wakati wa kiangazi. Vumbi letu ni laini, linajaa kwenye mapezi ya kipoza kama unga.

Mtumba

Sina neno baya na mtumba, nimeanza nao. Kompyuta za ofisi za mnara za kizazi cha 11, mfano Dell OptiPlex 7090 yenye i5-11500, ni mwanzo mzuri kwa sababu ya ile grafiki ya ndani. Angalia isiwe ile nyembamba, maana kadi kubwa haiingii, na ujue kwamba pawa saplai na mazabodi za kompyuta hizi hutumia viunganishi vyao wenyewe, hivyo hutabadilisha kwa vipuri vya kawaida. Xeon za zamani zinavutia kwa bei, lakini mbali na suala la video, Windows 11 haizitambui rasmi, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida Oktoba 2025.

Ukiuziwa i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, kuwa makini. Intel wenyewe walikiri 2024 kwamba baadhi ya prosesa hizo za mezani zilikuwa zikipewa volti kubwa kupita kiasi na kuharibika polepole. Marekebisho yalikuja kwa BIOS kuanzia Agosti mwaka huo, na waranti ikaongezwa miaka miwili. BIOS mpya inazuia madhara, haiponyi chipu iliyokwisha kuumia.

Kadi za grafiki nazo huchakachuliwa. Kadi ya zamani inaandikiwa jina jipya ndani ya programu yake, Windows inaisoma kama GTX 1050 Ti, na mnunuzi anaondoka ameridhika. Beba flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma kadi ilivyo kweli. Ikiigundua, inaandika kabisa mbele ya jina kwamba ni feki. Muuzaji anayekataa usiwashe GPU-Z amekwishakujibu.

Vitu vingi vinatoka Kariakoo kwa basi, wengine wanavuka Namanga kwenda Nairobi. Popote utakaponunua, uliza siku za kurudisha, na tumia siku hizo. Usiku wa kwanza renda kazi ndefu kuliko zote ulizonazo huku ukitazama joto. Usiku wa pili jaribu UPS. Usiku wa tatu jaribu diski zote, hata zilizofungwa kwa nailoni, kwa programu ya bure ya H2testw, ambayo inajaza diski nzima kisha inasoma tena ilichoandika.

Kijana wa Ngarenaro alirudi Machi na mashine mpya yenye i5-12500, na pembeni SSD ya nje ya TB 1 aliyoipata kwa bei ambayo ilimfanya yeye mwenyewe asite. Tuliiwekea H2testw jioni tukaenda kula. Asubuhi jibu lilikuwa kwenye kioo: kati ya TB 1 iliyoandikwa kwenye kasha, GB 58 tu ndizo zilizosomeka sawasawa. Alifika dukani kabla hawajamaliza kufungua, na ndani ya SSD ile hapakuwa na harusi ya mtu.